Mashine Iliyodhani Iko Kisenyi

Nilipopanda basi Eldoret nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitakaa kimya. Nina umri wa kukaa kimya. Wajukuu wangu wananijua kama bibi anayefungua redio mbovu mezani na kuwafokea mafundi wa umeme, basi. Lakini nilipoingia kwenye ile nyumba ya Kansanga, Kampala, nyuma ya baa za barabara ya Ggaba, nilimkuta Lubega amesimama mbele ya jeneza la Otim, kitambaa mkononi, anawaambia waombolezaji kwamba marehemu "arikuwa ndugu yangu, arikuwa mkono yangu ya kulia." Nilisimama mlangoni na begi langu begani, nikamsikiliza akimvika maiti kilemba cha ukoka. Sauti yake imezeeka, ulaini wake haujazeeka. Alipofika pale pa kusema kwamba yeye na Sajenti Otim walitengeneza pamoja mashine ya kwanza ya kusaka redio za adui, mate yalinigeuka machungu kinywani kama mtu aliyetafuna kwinini. Huyu ndiye aliyekuwa mwajiri wangu. Na huyu aliyelala kwenye jeneza ndiye mtu aliyetupwa naye.

Zainabu, mjane wa Otim, alinipisha kwenye mkeka karibu na ukuta. Hakuniuliza habari za safari. Alinipa kikombe cha chai ya tangawizi, ya moto hata sikuweza kukishika, nikakiweka sakafuni. Akanionyesha kwa macho mtu aliyekaa peke yake kwenye kiti cha mlangoni, kofia magotini: Ochan, kaka mkubwa wa Otim, ambaye alikuwa hajakanyaga nyumba ya mdogo wake tangu mwaka ule ninaotaka kuusimulia. Alikuwa ameshuka kutoka kaskazini jana yake, na tangu afike hakuwa amegusa hata maji. Nje palikuwa na pikapu ya kukodi, nyuma wazi, na dereva aliyekuwa hajui bado aelekee wapi. Neno lilikuwa la Ochan. Akikubali, Otim atalazwa kwao, karibu na mama yake. Akikataa, atazikwa kwenye makaburi ya mji miongoni mwa watu asiowajua, na huko kwao atabaki vile walivyomwita miaka yote: askari aliyeuza watu wake wakachomwa moto.

Lubega alimaliza kusema, akaja kujibana kando yangu kana kwamba tulikuwa tumeonana juzi. Akaniinamia sikioni, akaniita nnyabo, bibi kwa Kiganda, kama zamani. "Nnyabo Nekesa, umekuja, asante. Lakini hapana anza ile mambo hapa. Watu iko na machungu. Wacha kwanza tuzike. Mimi mwenyewe nitaambia wao." Maneno hayo nilikuwa nimewahi kuyasikia kinywani mwake, na yaliua watu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa msichana wa Bungoma niliyetoka chuo cha ufundi Nairobi na cheti kizuri kisichonipatia kazi, nikavuka mpaka kama Wakenya wengi walivyovuka, kwa sababu Kampala ilikuwa inajijenga upya baada ya vita vya themanini na sita na ilitaka kila aina ya fundi. Lubega alinipokea katika chumba cha juu huko Kisenyi, orofa ya pili ya jengo lisilopakwa rangi. Chini kulikuwa na gereji na mkahawa wa Msomali mmoja aliyechemsha chai ya maziwa na iliki tangu alfajiri, kwa hiyo kompyuta zetu zilinuka iliki na mafuta machafu ya injini. Lubega alikuwa ameanza maisha kwa kutengeneza televisheni. Alikuwa na kipaji kimoja cha kweli, nacho ni kukaa na wakubwa hadi wakamzoea. Ndivyo alivyopata kazi ya jeshi: vita vya kaskazini vilikuwa vikiendelea mwaka baada ya mwaka, waasi walikuwa wakiongea kwa redio kutoka porini, na wakubwa walitaka kujua sauti ile inatoka upande gani. Nilipouliza nani ataisuka mashine hiyo, Lubega alinitazama kwa mshangao. "Wewe," akasema.

Sitaki kumchosha mtu kwa ufundi, lakini jambo hili lisipoeleweka hasira yangu itaonekana wazimu. Ukipanga antena tano kwenye duara, wimbi la redio huzifikia kwa kupishana kidogo sana, kama vile anayekuita kutoka kulia husikika sikio la kulia kabla ya la kushoto. Mashine hupima kule kupishana na kukupa upande. Kazi hiyo ya kupima inataka haraka ambayo kompyuta zetu za wakati ule hazikuwa nayo, ndiyo maana tuliagiza chipu ya aina ya pekee. Chipu za kawaida ni matofali yaliyokwisha kuchomwa. Hii ilikuwa udongo mbichi: unaifinyanga kwa maandishi kutoka kwenye kompyuta, leo iwe chungu, kesho uivunje iwe mtungi, bila kugusa hata waya mmoja. Niliipenda vibaya. Lakini udongo huo ulikuwa na tabia yake. Umeme ukikatika, husahau kila kitu ulichoufinyanga. Ukirudi, chipu huamka tupu na kumsoma jirani yake, chipu ndogo ya kumbukumbu iliyolehemiwa pembeni, ili ijue iwe nini. Hiyo ndogo haisahau, na haibadiliki. Inachomwa mara moja tu, na ukitaka kuibadilisha unang'oa, unachoma nyingine, unalehemu upya. Ni kazi ya siku nzima kwa mtu asiyetetemeka mikono.

Jeshi lilituletea Sajenti Otim ajifunze kuitumia. Alikuja na sare iliyopigwa pasi hadi ikakwaruza, mtu mrefu wa Gulu, Mkatoliki wa kwaya aliyemwoa Zainabu, Mnubi wa pale pale Kisenyi, na wote wawili walikuwa wakitaniwa na wakwe zao kila sikukuu. Zainabu alipanda ngazi mchana na gurusa, zile chapati nyembamba za Kinubi, na mchuzi wa mboga uliotiwa siagi ya karanga na ufuta ambayo Ochan alimtumia mdogo wake kutoka nyumbani. Tulikula tukiwa tumekalia masanduku ya vifaa. Otim aliniita Injinia kwa mzaha, baadaye kwa heshima, mwishoni kwa mazoea. "Injinia, hii chipu yako iko kama mimi," aliniambia siku moja. "Asubuhi kama hapana mtu ya kuniambia jina yangu, sijui." Zainabu akamjibu kwamba jina lake analijua sana siku ya sahani, siku ya kuchota maji ndiyo anasahau.

Ngazini kwetu vita vilikuwa hadithi ya mbali. Niliwasikia madereva na wauza vipuri wakisema "vita ya kule," kwa sauti ileile ya kusema mvua ya kule. Mmoja aliwahi kusema mbele ya Otim, akitafuna, kwamba watu wa kule wanapenda kupigana, waachwe wamalizane. Otim alimaliza chai yake, akaosha kikombe chake mwenyewe kwenye karai la Msomali, akapanda juu kufanya kazi. Mimi nilimrukia yule dereva kwa maneno hadi Msomali akanishika bega. Nilikuwa mdogo, nilidhani mji ukifokewa utasikia.

Antena zetu za majaribio tuliziweka juu ya paa la jengo lile. Mwenye nyumba alikuwa na tangi kubwa la maji upande mmoja, nyaya hazikufika kwa kupita kulia, basi fundi aliyepanda alizihesabu kwa kuzunguka kushoto: ya kwanza kaskazini, ya pili upande wa magharibi, na kuendelea hadi kurudi. Haikuwa na shida. Niliifinyanga chipu ijue kwamba duara letu linahesabiwa hivyo, nikaichoma ile chipu ndogo vilevile. Umeme wa Kisenyi ulikatika kila ulipojisikia, na kila uliporudi mashine iliamka na kuonyesha pande zote sawasawa. Otim alikuwa amezoea. Taa zikiwaka alipiga kofi moja, akainama kwenye kioo, akatafuta redio anayojua ilipo, akaipima. "Imeamka vizuri," alisema, na kurudi kwenye sahani yake. Miezi mingi tuliishi hivyo. Naomba kitu hicho kikumbukwe: mtu huyo alifunzwa na mashine yenyewe kwamba ikizimika ikaamka, inaaminika.

Otim alitangulia kwenda kaskazini kusimika antena, mashine ikabaki kwangu nimalizie. Askari popote duniani hufunzwa kuhesabu kuanzia kulia. Otim alisimika nguzo zake kwa mazoea hayo: ya kwanza kaskazini, ya pili upande wa mashariki, kufuata mkono wa saa. Akatuma habari kwa redio ya jeshi, ikamfikia Lubega, Lubega akaniletea: nguzo zimepangwa kulia, tayari zimezikwa kwa saruji, tufanyeje? Nilicheka. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya chipu yangu. Hakuna nguzo ya kung'oa. Niliketi asubuhi moja nikaifinyanga upya ihesabu kulia, nikaiingiza kwa waya kutoka kwenye kompyuta, nikaipima, nikaona ni nzuri. Ilibaki kazi moja: kung'oa ile chipu ndogo yenye kumbukumbu ya paa la Kisenyi na kuweka mpya. Nilikuwa nimeshawasha chuma cha kulehemu Lubega alipoingia na watu wawili wenye suti, akaniambia wafunge mashine, kesho yake wakubwa wanaizindua.

Mazungumzo yale nayakumbuka kama sala. Nilimwambia, "Nipe siku moja." Akasema, "Siku moja? Wakubwa hawangoji siku moja, nnyabo. Masini inatembea ao haitembei?" Nikasema inatembea kwa sababu sasa hivi ina umeme, ukikatika hata mara moja, itaamka ikidhani iko Kisenyi, juu ya paa hili, na itahesabu kushoto wakati nguzo za Otim zinahesabiwa kulia. Mashariki itaita magharibi. Akasema ataisafirisha ikiwa kwenye betri na huko kuna jenereta ya jeshi. Nikasema basi twende wote, nikaimalizie huko. Akasema mgeni haruhusiwi kwenye eneo la vita. Nikasema basi nipeleke kwenye redio ya jeshi nimwambie Otim kwa mdomo wangu: mashine ikizimika, asiiguse, aniite. Hapo ndipo alipotabasamu na kunipigapiga mkono. Aliona watu wa suti wanasikiliza, na mashine ambayo haijaisha haizinduliwi. "Wacha, mimi mwenyewe nitaambia yeye," akasema. Nilimfuata hadi kwenye gari. Nilirudia mbele ya wale wawili. Akafunga mlango na kushusha kioo kidogo. "Nimesikia. Nitaambia yeye."

Hakumwambia. Alikwenda kaskazini kwa gari la wakubwa, akala nyama chini ya hema, akapigwa makofi, akamkabidhi Otim mashine na kumwambia kwamba imekamilika.

Habari tuliipata kwenye redio ya mkahawa, mimi nikiwa na kikombe mkononi. Kituo kimoja cha biashara, mashariki ya kambi ambako Otim alikuwa na mashine, kilikuwa kimevamiwa na kuchomwa. Sitakitaja jina, wenyewe wanakijua. Askari waliokuwa karibu walikuwa wametumwa magharibi asubuhi ile, wakitembea kwa haraka kuwapa kisogo watu waliokuwa wakiuawa. Walitumwa kwa neno la mashine. Msomali alipunguza sauti ya redio. Mteja mmoja aliomba sukari.

Otim alikamatwa siku hiyohiyo, akaletwa Kampala amefungwa. Mashtaka yalikuwa mepesi kutamkika: ni mtu wa kule, amewaficha waasi wa kule. Hakuna aliyejisumbua kuuliza kwa nini mtu awafiche waasi ili wakamchome mama yake mdogo aliyemlea, maana alikuwa pale, na binti wa Ochan aliyekwenda kumsaidia kuvuna alikuwa pale. Kampala waliona msaliti wa jeshi. Kwao waliona mtu aliyekula mshahara wa jeshi na kuwaelekeza askari pengine. Pande mbili zilizokuwa zikipigana zilikuwa zimepatana juu ya jambo moja, kwamba Otim ana hatia. Zainabu alikuja chumbani kwetu, akakaa kwenye sanduku alilozoea kukalia, akaniuliza, "Dada, hiyo kitu mlifanya inasema uongo?" Nikamwambia sijui bado. Nilimwuliza Lubega kama alifikisha ujumbe wangu. Akaniangalia usoni bila kupepesa na kusema alifikisha.

Uchunguzi wao ulikuwa hivi. Walirudisha mashine Kisenyi. Waliipandisha juu ya paa, wakaiunganisha na antena zile zile za zamani, wakaiwasha, na meja mmoja akapanda na viti na chupa za soda. Askari walitumwa mjini na redio za mkononi. Mmoja aliongea kutoka Mulago, mashine ikaonyesha Mulago. Mwingine akaongea kutoka Kansanga, mashine ikaonyesha Kansanga. Kila mahali ilipopimwa ilisema kweli, na kila iliposema kweli Lubega aliwatazama wakubwa kwa unyenyekevu, kama mzazi ambaye mtoto wake amefaulu mtihani. Meja akawafafanulia waliotaka kujua: siku ya tukio jenereta ilikuwa imeishiwa mafuta, wakaleta mengine, mashine ikawaka yenyewe. Sajenti anadai aliipima kwa kuitafuta redio ya Kampala, ndiyo peke yake iliyosikika vizuri, ikaonyesha kusini, na Kampala iko kusini, akaridhika. "Kwa hiyo masini ilikuwa mzima," akasema meja. "Mtu ndiyo hakuwa mzima."

Nilielewa hapo hapo. Simama mbele ya kioo uone: mkono wa kulia unakuwa wa kushoto, lakini kichwa kinabaki juu na miguu inabaki chini. Mashine inayohesabu duara kinyume inageuza mashariki na magharibi tu. Kaskazini inabaki kaskazini. Kusini inabaki kusini. Otim alifanya alichofunzwa, akaipima kwa kitu pekee alichokuwa nacho, na kitu hicho kilikuwa kwenye mstari pekee ambao kosa haliuonyeshi. Na sasa walikuwa wameirudisha kwenye paa ambalo ilikuwa ikilidhania siku ile, wakashangaa kwamba iko sawa. Niliinuka nikasema yote hayo. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kiingereza. Nikawaambia badilisheni nyaya nne tu, ziungeni kama alivyounga Otim, kisha mwiteni tena yule wa Kansanga, mtaona mashine inamtafuta ng'ambo ya pili ya mji. Ilikuwa kazi ya kunywa soda moja. Lubega alinishika kiwiko. "Nnyabo amechoka, afande. Arikuwa rafiki sana ya sajenti." Akaliacha neno rafiki likae hewani kidogo. Meja akanitazama kuanzia viatuni. "Wewe ni mtu ya Kenya," akasema. "Hii mambo ya vita yetu unajua aje?" Nilizifikia nyaya kwa mikono yangu, nikang'oa mbili, askari wakanishusha ngazi. Asiyekuwepo na lake halipo. Otim alikuwa selo, na mtu pekee aliyesimama mahali pake alikuwa mwanamke mgeni anayepiga kelele juu ya paa. Kabla ya mwezi kwisha sikuwa na kazi wala kibali.

Siku zilizobaki nilizunguka na Zainabu kutoka lango hadi lango. Tulijua Otim yuko wapi pale tu alipotolewa, bila kesi, bila hukumu, bila barua ya jeshi, akaachwa hospitali ya Mulago kama mzigo usio na mwenyewe. Walikuwa wamempiga sikio la kushoto hadi likafa. Sikio la mtu wa redio. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikamweleza upande wa sikio zima, polepole, chipu ndogo, paa, tangi la maji, kioo. Alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe ilikuwa inafikiri iko Kisenyi," akasema. Kisha akatazama dirishani, ambako wanawake walikuwa wakianika nguo za wagonjwa kwenye nyasi. "Mimi sitaki jeshi irudishe kitu. Injinia, nani ataambia Ochan?" Nikamwambia nitamwambia mimi. Akaitikia kwa kichwa, na ndiyo mara ya mwisho kumwona akiwa hai, kwa sababu wiki hiyo nilipandishwa basi la mpakani na muhuri mwekundu wa kunizuia kurudi kwenye pasipoti.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hawakumjua Lubega. Njia yake ilikuwa ndefu, pana, na alijengewa nyumba mbili kandokando yake. Zainabu alikwenda kaskazini mara barabara ilipofunguka, akamweleza Ochan. Akajibiwa kwamba mke humfunika mumewe, aje aliyetengeneza mashine aseme. Zainabu akamwendea Lubega, akapewa soda na ahadi. Mimi nilipopata namba ya Ochan nilimpigia simu. Nilipotaja jina la mdogo wake alikata. Nilipiga tena, akakata tena, na simfichi mtu, simlaumu, alizika binti. Otim alifungua kibanda cha kutengeneza redio Kisenyi, nyuma ya gereji ile ile, akafanya kazi na sikio moja. Watoto wake walikua bila kujua kaburi la bibi yao liko wapi. Watu wananiambia miaka huponya. Mimi imeninoa.

Kwa hiyo Lubega alipoyarudia maneno yale sikioni mwangu, pale mkekani Kansanga, mimi mwenyewe nitaambia wao, niliinuka. Sikuomba ruhusa ya msemaji. Nilivuka miguu ya watu hadi mlangoni, nikasimama mbele ya Ochan, nikamwambia mimi ni Nekesa, mimi ndiye niliyetengeneza ile mashine, na umenikatia simu mara mbili. Nilimweleza nilivyowaeleza ninyi, kwa ufupi zaidi. Nilichukua vijiko vitano kwenye sinia la Zainabu, nikavipanga sakafuni kwa duara, nikamwonyesha kuhesabu kushoto na kuhesabu kulia, nikamwonyesha kwamba upande wa kusini hauhami. Aliinama akavitazama. Alikigusa cha upande wa mashariki kwa kidole. "Hapa ndiyo sisi tulikuwa," akasema.

"Hapo ndipo mlipokuwa. Mashine ikawaelekeza askari kule."

"Na ndugu yangu hakujua."

"Hakuambiwa. Nilimtuma mtu amwambie." Nikamnyooshea Lubega mkono. Ilibidi watu wageuke kumtafuta, maana alikuwa amesogea hadi karibu na mlango wa jikoni.

Ochan hakupandisha sauti. "Mzee, huyu mama alikutuma?"

Lubega alifuta uso kwa kile kitambaa. Akasema hayo ni mambo ya zamani, yalikuwa ya kitaalamu sana, wakati ule kulikuwa na mambo mengi, hata wakubwa walijua. Aliongea kwa muda. Ochan alimngoja amalize, kama anavyongojwa mtoto aliyevunja kitu.

"Nimeuliza kama ulimwambia."

"Nirikuwa nataka kumwambia," akasema Lubega.

Ochan aliinuka na kuvaa kofia yake, kisha akakumbuka yuko mbele ya maiti akaivua. Alikwenda hadi kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao upande wa kichwa. Alizungumza na mdogo wake kwa Kiacholi, maneno machache, sikuyaelewa na sikutafuta kuyaelewa. Zainabu alikuwa amesimama kwenye kizingiti na mkono mdomoni. Kisha Ochan alitoka nje, na tukamsikia akimwuliza yule dereva wa pikapu kama mafuta yaliyomo yanatosha kufika Gulu au wanunue mengine njiani. Vijana wakaanza kunyanyua jeneza.

Nilirudi kwenye mkeka wangu. Kikombe cha chai kilikuwa palepale sakafuni nilipokiweka. Nilikishika kwa mikono miwili, na kilikuwa bado cha moto.